Seva Moja, Anwani Moja, Tovuti Nyingi
(Maelezo yaliyotolewa mbele ya kamati za sharika na wageni wafadhili, Itigi)



Tumeulizwa mara kwa mara: je, tovuti ya zahanati, ya shule na ya mradi wa maji zinahitaji seva tatu? Swali ni la haki, maana fedha hizi ni sadaka na michango ya watu. Jibu letu ni hapana. Seva moja yenye anwani moja ya intaneti inatosha.

Tuchukue mfano wa posta. Usharika una sanduku moja la barua. Barua za mchungaji, za kwaya na za umoja wa wanawake huja kwa S.L.P. hiyo hiyo, wala hazichanganyiki, kwa kuwa juu ya bahasha kuna jina na karani huzigawa. Seva nayo hufanya hivyo. Kwa kanuni za HTTP toleo la 1.1, zilizotolewa mwaka 1997, kila ombi la msomaji hutaja jina la tovuti anayoitaka. Programu ya seva, kama Apache au Nginx, husoma jina hilo na kutoa kurasa zinazohusika.

Kwa tovuti za https, ambazo mawasiliano yake hufungwa kwa siri, zamani palikuwa na kikwazo. Bahasha ilifika imefungwa na jina liko ndani. Karani hakujua atumie ufunguo upi. Mwaka 2003 ukatolewa utaratibu uitwao SNI, unaoweka jina juu ya bahasha. Leo vivinjari vya kawaida vyote vinautumia, na vyeti vya usalama hupatikana bure kwa Let's Encrypt.

Kutumia anwani moja si ubahili. Anwani za IPv4 ni takriban bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na bara letu nalo linagawiwa kwa kipimo.

Hata hivyo, nyumba ikiwa moja, moto wa chumba kimoja huunguza vyote. Sisi tuliacha tovuti moja bila kuisasisha. Ikaingiliwa, zote tatu zikazimwa siku nne, wakati wazazi wanatafuta fomu za shule. Nakala ya akiba hatukuwa nayo. Kosa lilikuwa letu.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, kila tovuti iwe na akaunti na nywila yake ndani ya seva. Pili, nakala ichukuliwe kila wiki na kutunzwa mahali pengine. Tatu, jina la tovuti liandikishwe kwa usharika, si kwa fundi.

Fedha tulizookoa kwa kutonunua seva mbili zimlipe mtunzaji wa hiyo moja. Bila mtunzaji, hatujaokoa kitu.