Nani Atie Sahihi kwa Ajili ya Hando?



Juni 2019, Kim Kardashian alitangaza nguo za ndani za kubana mwili alizoziita Kimono, maana jina lake limo humo. Wajapani, ambao kimono ni vazi lao la jadi, wakaja juu. Meya wa Kyoto, Daisaku Kadokawa, akamwandikia barua ya wazi kumsihi abadili nia. Haikutimia hata wiki, bibi akasalimu amri, na Agosti nguo zikaitwa Skims. Biashara haikudhurika, kelele zile zilikuwa tangazo la bure.

Miaka minne kabla ya hapo, Jumba la Sanaa la Boston liliwakaribisha wageni wavae kimono mbele ya mchoro wa Claude Monet. Vijana wenye asili ya Asia waliandamana, wakasema ni dharau. Wakatokea wanawake wa Kijapani, nao wamevaa kimono zao, kuwapinga waandamanaji: kwao, mgeni akilivaa vazi hilo amelienzi.

Mimi nawaelewa wote. Ila Boston mtu alivaa akavua. Kardashian aliomba jina lisajiliwe kuwa alama yake ya biashara, na hilo ni jambo jingine kabisa. Nasi Wakenya tumelionja: kampuni moja ya Uingereza ilitaka kusajili jina Kikoy, yaani kikoi chetu, ikapingwa, na mwaka 2008 ikaachana nalo.

Sasa tuje kwenye hando, vazi la marinda la wanawake wa Kigiriama, linalotunisha nyonga. (Kardashian anabana, bibi zetu walitunisha, sijui nani angeshinda sokoni.) Kitambaa chenyewe kilikuwa cha dukani, pamba nyeupe ya viwanda vya ng'ambo, kama ile marikani iliyoletwa na meli za Salem karne ya 19. Ubunifu wa bibi zetu uko kwenye marinda. Na wajukuu wao hawalitazami kwa jicho moja. Wapo wanaolivaa kwa fahari Malindi, katika sherehe za kumkumbuka shujaa wetu Mekatilili. Wapo walioliacha kwa ajili ya kanisa au msikiti. Yuko msichana atakayefurahi kuliona kwenye maonyesho ya mitindo Milano, mradi mshonaji alipwe, na yuko shangazi yake atakayeona ni kuvuliwa nguo hadharani.

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 11, ililitaka Bunge litunge sheria ili jamii zilipwe fidia au mrabaha utamaduni wao unapotumiwa. Sheria ikapatikana 2016: kaunti ziusajili utamaduni huo, na mfanyabiashara aombe ridhaa ya jamii. Lakini jamii ni nani? Wakili mgeni ataelekezwa kwa wazee wa kaya, walinzi wa misitu yetu mitakatifu. Nawaheshimu sana, ila sijawaona wakikunja marinda. Siku mtu maarufu atakapoleta mkataba wake Kilifi, kaunti iwaite kwanza wanaoshona, hata wakibishana hadi magharibi, na anayekataa aandikwe kwa kauli yake, asihesabiwe amekubali kwa kuwa alinyamaza.