Nilipimwa, Sikufundishwa

Wiki hii nakuomba radhi mapema, kwa sababu nitazungumzia matiti, na nitayazungumza nikiwa mwanamume mtu mzima mwenye mvi. Kama umekaa sebuleni na wakwe zako, ama uzime redio ama uongeze sauti. Mimi ningependelea uongeze.

Jumapili iliyopita mwanangu wa kwanza alikuja nyumbani na mkewe. Mkwe wangu ana mimba ya miezi saba, na ndiyo ya kwanza. Tukala, tukanywa chai, na mazungumzo yakaangukia kwenye maandalizi. Nikaonyeshwa orodha: kanga doti nne, beseni, mpira wa kulalia, pamba, glovu, kibana kitovu, na nguo za mtoto za rangi ambayo haitamuudhi mtu, awe wa kike au wa kiume. Kila kitu kimeshanunuliwa na kufungwa kwenye begi tangu mwezi uliopita. Kijana alikuwa anajivuna, na haki anayo, maana zamani zetu baba alianza kutafuta beseni usiku wa uchungu wenyewe.

Nikamwuliza: usiku wa tatu mtoto akilia, akikataa titi, na mama yake naye analia, utafanya nini? Akanitazama kama mtu anayedaiwa deni asilolijua. Mkewe akainamisha macho. Mke wangu, aliyekuwa anakusanya vikombe, akasimama palepale na trei mkononi, kwa sababu yeye alijua ninauliza nini.

Sasa nikurudishe nyuma, msikilizaji, hadi mwaka 1991. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja hapa Dar es Salaam, katika nyumba ya vyumba sita vinavyotazamana na uani kuna bomba moja. Mke wangu alikuwa amehudhuria kliniki bila kukosa. Kadi yake ilijaa tarakimu: uzito, wekundu wa damu, shinikizo la damu, urefu wa mimba kwa wiki. Akajifungua salama Jumamosi alfajiri, na Jumapili tukarudi nyumbani na mtoto wa kiume.

Siku ya kwanza majirani walimshauri akamue dang'a, yale maziwa ya mwanzo mazito ya rangi ya manjano, ayamwage, kwa sababu eti ni machafu, yamekaa kifuani miezi tisa. Akayamwaga. Mtoto akapewa maji ya sukari kwa kijiko. Siku ya tatu maziwa yakaja kwa kishindo, matiti yakawa magumu kama jiwe na yanawaka moto, na mtoto kila akiyashika yanamponyoka. Akapiga kelele usiku kucha. Chuchu zikapasuka. Kila mlango wa nyumba ile ukatoa daktari wake: mmoja akasema maziwa ni mepesi, mwingine akasema hayatoshi, wa tatu akasema mtoto ana mchango, akaleta na dawa ya mizizi. Mama yangu mzazi, ambaye angejua la kufanya, alikuwa Songea. Telegramu tulishapeleka, lakini basi la Songea enzi zile halikuwa jambo la kuamua asubuhi ukafika jioni.

Siku ya tano nikatembea hadi dukani nikanunua kopo la maziwa na chupa. Sikumwuliza mtu. Nilijiona baba anayewajibika. Maji tulichemsha siku mbili za kwanza. Siku ya tatu mafuta ya taa yakaisha, nikasema leo moja haina neno.

Jumapili iliyofuata, mtoto wa siku nane, anaharisha maji matupu. Macho yalikuwa yamezama na utosi umebonyea. Tulifika hospitali saa mbili usiku, nikiwa nimebeba kitu ndani ya kanga ambacho hakikuwa na nguvu hata ya kulia.

Waliokoa maisha yake kwa dripu. Lakini leo ninataka kumzungumzia muuguzi wa zamu ya usiku, mama mtu mzima ambaye jina lake sikulipata. Usiku wa pili, mtoto alipoanza kupata nafuu, alikuja akaketi kitandani kwa mke wangu, akamwambia, haya mwanangu, mnyonyeshe nikuone. Akatazama kidogo, akacheka taratibu, akamwondoa mtoto. Akamgeuza mzima mzima, tumbo la mtoto likaelekea tumbo la mama. Akasubiri mdomo upanuke kama wa mtu anayepiga miayo, ndipo akamsogeza mtoto kwenye titi, wala si titi kwa mtoto. Akashika siyo chuchu peke yake, bali na ule weusi unaoizunguka. Kidevu kikagusa titi, mdomo wa chini ukapinduka kwa nje. Tukasikia mtoto anameza. Kazi yote haikufika dakika tano.

Akamwuliza mke wangu: mwanangu, kliniki hawakukufundisha? Mke wangu akajibu neno moja, nami nimelibeba mpaka leo. Alisema, "Nilipimwa."

Naam, msikilizaji, alipimwa. Na wala sina ugomvi na vipimo. Vinaokoa wanawake, na mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipandisha mahudhurio ya kliniki ya mjamzito linayoyapendekeza kutoka mara nne hadi mara nane. Lakini kupimwa ni jambo moja na kufundishwa ni jambo jingine. Ni kweli vilevile kwamba katika kliniki nyingi liko somo la asubuhi. Muuguzi husimama mbele ya mabenchi na kusema juu ya chandarua, vidonge vya kuongeza damu, dalili za hatari na vitu vya kuja navyo. Mwishoni, sauti ikiwa imekauka na foleni inanung'unika, husema: na mkishajifungua mnyonyeshe, maziwa ya mama ni bora. Hapo ndipo tunapokosea. Kumwambia mtu "nyonyesha" bila kumwonyesha ni sawa na kumkabidhi ufunguo wa basi ukamwambia "endesha".

Tunadhani kunyonyesha ni jambo la silika. Mtoto anayo silika, hilo ni kweli. Ukimlaza juu ya kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, mara tu anapozaliwa, atalitafuta titi mwenyewe, na ndiyo maana wataalamu wanataka aanze kunyonya ndani ya saa ya kwanza. Lakini mama hujifunza, na zamani alijifunza kwa kuona. Msichana aliyekulia kijijini alikuwa amewaona mama zake wadogo na shangazi zake wakinyonyesha tangu akiwa na akili timamu, na alipojifungua alikuwa na bibi pembeni mpaka arobaini itoke. Msichana wa mjini siku hizi anaweza kufika wodini hajawahi kumshika mtoto wa siku moja mikononi mwake.

Na sisi wa mjini tunapenda sana kufunda. Kabla ya harusi binti hufanyiwa kicheni pati, wanakuja makungwi wa kulipwa, anapewa sufuria na majagi na mawaidha ya saa nne juu ya namna ya kumtunza mume. Mume! Mtu mzima mwenye meno thelathini na mawili. Juu ya kiumbe ambaye hata shingo yake haijakaza, hakuna anayesema neno.

Nini kingefundishwa? Si mambo mengi wala si ya chuo kikuu. Mama aambiwe, kabla hajajifungua, kwamba dang'a ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto na kwamba ni haba kwa sababu tumbo lenyewe ni dogo. Aambiwe kuwa maziwa mengi huja kati ya siku ya pili na ya nne, kwamba matiti yanaweza kujaa na kuuma, na kwamba dawa yake ni kunyonyesha mara kwa mara na kukamua kidogo kwa mkono ili titi lilainike mtoto apate pa kushika. Aambiwe kuwa kunyonya mara nane hadi kumi na mbili kwa siku, usiku ukiwemo, siyo ishara ya njaa bali ndiyo kawaida. Na zaidi ya yote aelewe namna titi linavyofanya kazi. Sisi wa Dar es Salaam tumezoea ndoo: maji yakitoka unajaza, ukishatumia yanakwisha. Titi siyo ndoo. Linatengeneza maziwa kwa kadiri linavyonyonywa, na kila chupa unayompa mtoto ni taarifa kwa titi kwamba halihitajiki. Ndivyo "maziwa hayatoshi" inavyogeuka kuwa kweli baada ya wiki moja, na dukani kopo linangoja.

Kopo hilo nalo lina historia yake. Katika miaka ya 1970 kampuni za maziwa ziliwavisha wauzaji wake sare za kufanana na za wauguzi na kuwapeleka kwa wazazi katika nchi za Afrika. Kelele zilipokuwa kubwa, mwezi Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha kanuni za kudhibiti uuzaji wa maziwa hayo, na Tanzania ikatunga za kwake mwaka 1994. Wapo watoto wanaohitaji kopo kwa sababu za kweli, na mama zao wasisemwe. Mimi ninasema juu ya kopo linalonunuliwa na baba aliyechanganyikiwa siku ya tano.

Kuna pia wale wanaonong'onezana kwamba mama mwenye virusi vya UKIMWI asithubutu kunyonyesha. Wamechelewa. Mama anayetumia dawa zake sawasawa hushauriwa kunyonyesha, na miezi sita ya kwanza ampe mtoto maziwa yake pekee kama mama mwingine yeyote. Hilo nalo ni la kuambiwa mapema, si la kusikia bombani.

Sasa nije kwa akina baba. Kijana wangu alikwenda kliniki na mkewe hudhurio la kwanza, maana siku hizi mjamzito huambiwa aje na mwenzake. Nikamwuliza alifundishwa nini. Akasema, "Baba, nilipimwa damu, nikaambiwa naweza kwenda kazini." Msikilizaji, nusura kikombe kinianguke. Miaka zaidi ya thelathini, na jibu ni lilelile.

Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa hatua kumi za kufuatwa na kila mahali pa kuzalishia. Ya tatu ilisema wajawazito wote waelezwe faida za kunyonyesha na namna ya kunyonyesha. Mwaka 2018 hatua hizo zilipoandikwa upya, ya tatu ikabadilika: badala ya kuwaeleza, sasa ni kuzungumza nao, na si wao peke yao bali na familia zao. Ukiniuliza mimi, hilo neno familia limechelewa miaka ishirini na tisa, lakini limefika. Mwaka ule wa 1991 aliyenunua chupa ni mimi. Walioshauri maji ya sukari ni majirani. Mke wangu hakuamua lolote. Alikuwa na kidonda, usingizi na hofu. Ukimfundisha yeye peke yake, unamwacha apigane na nyumba nzima.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa baba likizo ya siku zisizopungua tatu, azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Wengi huzimalizia kwenye kupokea pongezi. Ningependa kijana wangu azitumie mlangoni, akimkaribisha kila mgeni na kumzuia kila mwenye kijiko cha maji ya sukari. Ampelekee mkewe maji ya kunywa kila anapoketi kunyonyesha. Mtoto akishiba amweke begani mpaka abeue. Kitovu akiache kikavu na kisafi, kisipakwe kitu ambacho muuguzi hakukitoa. Na ahesabu nepi: kuanzia siku ya tano au ya sita, nepi sita zilizolowa mkojo kwa siku zinamwambia kwamba maziwa yanatosha, hata shangazi aseme nini. Mtoto akikataa kunyonya kabisa, akichemka au akipoa mwili, akipumua haraka au akipata degedege, asimsubiri mtu wa Songea. Aende hospitali saa hiyohiyo.

Sheria hiyohiyo inampa mama siku 84, na 100 kama ni pacha. Hesabu mwenyewe: hizo 84 hazifiki miezi mitatu, na mtoto anatakiwa apate maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Akirudi kazini anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha, na anayekaa Mbagala akafanya kazi Posta anajua saa mbili hizo huishia wapi. Kwa hiyo kukamua kwa mkono, na kumnywesha mtoto kwa kikombe kidogo kisafi badala ya chupa, navyo ni masomo ya kufundishwa mapema, wakati bado mikono haijashikwa.

Wakubwa wataniambia wauguzi ni wachache. Najua. Lakini wajawazito hukaa kwenye yale mabenchi asubuhi nzima, na miongoni mwao wamo wenye mtoto wa tatu na wa nne waliofaulu. Mmoja wao akipewa nusu saa na mtoto wa bandia wa kitambaa, wa mimba ya kwanza wakamzunguka, serikali haitafilisika.

Nyumbani kwangu hatusubiri waraka. Jumamosi hii kijana na mkewe wanarudi. Mwalimu ni mke wangu, kwa alichofundishwa kitandani usiku ule wa mwaka 1991. Ameshakunja kanga kuukuu mbili na kuzifunga kwa uzi, zimekuwa mtoto mwenye kichwa na shingo. Kijana ameambiwa lazima awepo, akae karibu, aone. Mimi ni baba mkwe, na heshima ina mipaka yake, kwa hiyo nimeambiwa nikae barazani na redio yangu mpaka niitwe kwenye somo la nepi.