Hesabu ya Nyanya 288



Jumamosi iliyopita nilikuwa sokoni Muthurwa, upande wa Barabara ya Landhies, nimesimama kwenye meza ya mama mmoja anayeuza nyanya. Alikuwa ametoka soko la Marikiti alfajiri na nusu sanduku alilonunua shilingi 1,700, na mia moja ya mkokoteni juu yake. Aliyekuwa akipanga mafungu ni binti yake wa gredi ya saba. Alizihesabu nyanya zote: 300. Akatenga 12 zilizobonyea, zikabaki 288. Mama akasema, leo watu hawana pesa, panga tatu tatu tuuze ishirini. Binti akanyamaza, kidole kikigongagonga ukingo wa meza. Kisha akasema, "Mama, tukipanga nne nne kwa thelathini tunapata 2,160. Hizo za ishirini ni 1,920. Tutakuwa tumetupa mia mbili arobaini."

Hakushika kalamu wala simu. Mama akaanza kupanga nne nne.

Nikamuuliza kama amewahi kuingia mashindano ya hisabati. Akaniuliza, "Hayo hufanyika wapi?"

Swali hilo limenikaa wiki nzima, kwa sababu jibu lake ni kwamba hufanyika hapa hapa. Olimpiadi ya Hisabati ya Afrika, iliyoanza mwaka wa 1987, ilikuja Nairobi mwaka wa 2018. Maonyesho ya sayansi na uhandisi ya shule za sekondari huanza mashinani kila mwaka, yakapanda hadi kaunti, kanda na taifa. Kuna mashindano yanayoandaliwa na vyuo vikuu ambavyo mtoto wa Muthurwa anaweza kuvifikia kwa miguu. Milango iko mingi. Lakini barua ya mwaliko inapofika shuleni, huwa zimebaki wiki mbili au tatu kabla ya mashindano, na mwalimu anatafuta mtoto aliyekwisha kuiva. Ni nani alimwivisha, na saa ngapi?

Nalijua hili kwa mwili wangu. Nikiwa kidato cha pili, mimi na mwenzangu tulitengeneza kichujio cha maji kwa mkaa, mchanga na changarawe, ndani ya mtungi wa plastiki uliokatwa kitako. Tulipita hatua ya kwanza. Siku ya hatua ya pili tulisimama langoni na boksi letu tangu saa kumi na mbili asubuhi, sare zimepigwa pasi. Nauli haikupatikana. Saa nne tukaambiwa turudi darasani. Mwenzangu hakugusa tena kazi ya sayansi ya hiari hadi tunamaliza shule, na alikuwa ananishinda kwa mbali.

Wengi wetu tunamkumbuka Peter Tabichi, yule mtawa wa Kifransisko aliyekuwa akifundisha hisabati na fizikia katika shule ya Keriko, kijiji cha Pwani, Njoro. Mwaka wa 2019 alitunukiwa tuzo ya mwalimu bora duniani, dola milioni 1. Shule yake ilikuwa na kompyuta moja, intaneti ya kubahatisha, na mwalimu mmoja kwa wanafunzi 58. Mwaka huo huo wanafunzi wake walifuzu kwenda maonyesho ya kimataifa ya sayansi kule Arizona, Marekani, wakiwa na kifaa cha kuwawezesha wasioona na wasiosikia kupima vitu. Magazeti yaliandika sana kuhusu ile milioni. Kilichonigusa mimi ni kwamba yeye na walimu wenzake walikuwa wakikaa na wanafunzi waliolemewa, mmoja mmoja, baada ya masomo na wikendi, na kuwafuata hadi majumbani. Safari ya Arizona ilianzia kwenye vikao hivyo ambavyo hakuna kamera iliyovipiga picha.

Sasa rudi Muthurwa. Nyumba nyingi za zamani pale ni vyumba vilivyojengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Wapangaji wake wamepigania kubaki humo hadi Mahakama Kuu, katika kesi iliyoamuliwa mwaka wa 2013. Chumba kimoja ndicho jiko, ndicho kitanda, ndicho sebule. Ukitaka kufikiria jambo kwa nusu saa bila kukatizwa, unafikiria ukiwa wapi? Na madarasa ya shule jirani yamefungwa kwa kufuli tangu Ijumaa jioni.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 ilipiga marufuku masomo ya ziada wakati wa likizo, na nakubaliana nayo, maana wazazi walikuwa wakikamuliwa. Lakini klabu ya bure, Jumamosi asubuhi, mwalimu mmoja na swali moja gumu ubaoni, hiyo haimkamui mtu. Wakuu wa elimu wa kaunti, waachieni walimu wakuu funguo. Na wafadhili mnaopenda kupigwa picha na kombe, lipeni nauli. Lipeni na chai ya huyo mwalimu.

Hata kabla ya ufunguo kupatikana, kuna njia. Mwaka wa 1894, katika mji wa Győr huko Hungaria, mwalimu Dániel Arany alianzisha jarida la hisabati la wanafunzi wa sekondari. Mtindo wake ulikuwa rahisi: maswali yanachapishwa, mwanafunzi anakaa nayo siku nyingi, anatuma majibu kwa posta, na majibu mazuri yanachapwa pamoja na jina lake. Jarida hilo bado linatoka hadi leo, na vizazi vya wanahisabati wa nchi hiyo ndogo vilipitia humo. Karatasi na stempu, basi.

Sisi tuna redio. Shule zilipofungwa mwaka wa 2020, masomo yalipita kwenye mawimbi, na redio iko kwenye kila kibanda Muthurwa. Nimewaomba wakubwa wangu hapa kituoni dakika mbili kila Jumamosi, swali moja la hisabati kwa watoto wa Eastlands, na majina ya waliolipata kusomwa wiki inayofuata. Wamekubali tujaribu. Kwa hiyo mama, mwite mtoto aje karibu na redio, aje na kalamu kama ipo.

Una nyanya 288. Nyingine umezipanga nne nne, fungu shilingi 30. Nyingine tatu tatu, fungu shilingi 20. Jioni zimekwisha zote, na mkononi una shilingi 2,040. Mafungu ya nne yalikuwa mangapi, na ya tatu mangapi?

Nitarudia polepole. Nyanya 288.