Filamu Uliyoinunua Isife na Diski Yake: Kunakili DVD za Nyumbani kwa Matumizi Binafsi



Deki za DVD zinatoweka madukani, na kompyuta mpakato zinazouzwa siku hizi karibu zote hazina tena sehemu ya kuingizia diski. Hata huko Marekani, Netflix, kampuni iliyoanza kwa kuwapelekea wateja DVD kwa posta, ilifunga huduma hiyo Septemba 2023. Majumbani mwetu diski bado zipo: kwenye droo ya meza ya televisheni, kwenye mifuko juu ya kabati, nyingine zimeshapoteza makasha yake. Nimeombwa nieleze namna ya kuhamishia filamu hizo kwenye kompyuta kabla hazijaharibika, na haki ya kufanya hivyo inaishia wapi.

Nitajikita zaidi kwenye filamu za Kiswahili. Filamu ya Hollywood ikikuharibikia, studio iliyoitengeneza inayo ghalani na itaiuza tena kesho. Bongo Movie, tasnia ya filamu za Tanzania, haikujengwa hivyo. Tangu filamu ya Girlfriend ya marehemu mwongozaji George Tyson ilipotoka mwaka 2003, tasnia yetu ilikua kwa filamu zilizokwenda moja kwa moja sokoni, kwanza kwenye kanda na VCD, baadaye kwenye DVD, bila kupita kwenye majumba ya sinema. Filamu nyingi za marehemu mwigizaji Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, ziliwafikia watu kwa njia hiyo. Pale ambapo mtayarishaji alifuta mafaili ya kazi ya zamani ili apate nafasi ya kazi mpya, diski iliyoko sebuleni kwako inaweza kuwa ndiyo filamu yenyewe iliyobaki. Kwa hiyo ninaposema tunakili, sizungumzii urahisi wa kutazama tu.

Anza kwa kuigeuza diski uitazame upande wa chini. Ikiwa inang'aa kwa rangi ya fedha tupu, imetoka kiwandani, na picha zimegandamizwa kwenye plastiki yenyewe. Ikiwa ina rangi ya zambarau au ya bluu, hiyo imechomwa, na kilichomo kimeandikwa kwenye tabaka la rangi linalofifia kwa joto, mwanga na unyevu. Hali ya hewa ya pwani haina huruma na diski za namna hiyo. Zitangulizeni hizo.

Tazama pia ukingo wake. Diski husomwa kutoka karibu na tundu la katikati kwenda nje, kwa hiyo mwisho wa filamu mara nyingi huwa upande wa nje, pale pale vidole vinaposhika na vumbi linapotua. Ndiyo sababu filamu nyingi hucheza vizuri saa nzima, halafu zikaganda kisa kinapofumbuliwa. Ioshe kwa maji na sabuni kidogo, kisha uifute kwa kitambaa laini kwa mistari iliyonyooka, kutoka katikati kwenda ukingoni. Usifute kwa kuzungusha. Mkwaruzo unaokatiza njia ya kusomea, mashine inaweza kuuruka na kurekebisha. Mkwaruzo unaofuata njia hiyo unakula sehemu ndefu ya filamu kwa mpigo.

Vifaa si vingi. Mashine ya nje ya kusomea DVD inayochomekwa kwa USB inatosha. Ukiifungua diski kwenye kompyuta utakuta folda iitwayo VIDEO_TS, na ndani yake mafaili ya VOB, kila moja likiwa halizidi GB 1. Kwenye VCD folda inaitwa MPEGAV na faili lake linaishia na DAT. Diski isiyo na kufuli la kuzuia kunakili unaweza kunakili folda nzima kama unavyonakili picha, na DVD nyingi za Bongo nilizozishughulikia hazikuwa na kufuli. Kisha programu ya MakeMKV inayaunganisha mafaili ya DVD kuwa faili moja bila kupunguza ubora. Ukitaka lichukue nafasi ndogo, HandBrake italibana: filamu ya dakika 90 yenye GB 3 inaweza kushuka hadi GB 1 na jicho la kawaida lisione tofauti.

Hapo nina msimamo. Picha ya DVD ya mfumo wetu wa televisheni wa PAL ina vipimo vya 720 kwa 576, na ya VCD ni 352 kwa 288. Usiilazimishe kuwa kubwa zaidi. Unanenepesha faili, picha haiongezeki uzuri. VCD usiibane kabisa, imeshabanwa vya kutosha kiwandani. Na zile filamu zilizouzwa Part 1 na Part 2, mafaili yake yapewe jina moja na mwaka, yakae folda moja, maana nusu ya filamu haimfai mtu. Mkishamaliza, chezesheni mwanzo, katikati na mwisho. Wekeni nakala kwenye diski mbili za kuhifadhia za kompyuta (hard disk), na moja isikae nyumba ile ile.

Sasa sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 ya Tanzania inamruhusu mtu kunakili kazi iliyotolewa kihalali kwa matumizi yake binafsi. Nchi nyingine zina sheria zake. Sheria ya Marekani ya 1998 inakataza kuvunja kufuli la diski hata kama uliinunua mwenyewe. Uingereza iliruhusu nakala binafsi Oktoba 2014, mahakama ikaitengua ruhusa hiyo Julai 2015. Nchini Norway, kijana Jon Lech Johansen, aliyeshiriki kutoa programu ya kufungua DVD mwaka 1999, alishtakiwa na kuachiwa huru mwaka 2003, kwa kuwa diski zilikuwa zake. Kwa diski yenye kufuli, ulizeni kwanza Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA).

Ruhusa ya nakala binafsi haivuki mlango wa nyumba yako. Kumwekea jirani kwenye flashi, kupeleka kwenye kibanda cha video au kurusha kwenye kundi la WhatsApp ni kumnyang'anya msanii riziki yake, na wasanii wetu wameshanyang'anywa vya kutosha. Ukiiuza au kuigawa diski, futa nakala. Tunzeni diski pamoja na kasha lake. Kama lina stempu ya kodi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), iliyoanza kubandikwa kwenye kazi za filamu na muziki mwaka 2013, stempu hiyo ni ushahidi kwamba mlinunua kihalali.

Nawaomba mtakaporudi nyumbani mtenge kwanza diski za Kiswahili, na miongoni mwake mwanze na zile za kuchomwa. Za Hollywood zinaweza kusubiri.