Kiongozi wa Kijiji Ajue Kusoma Ramani

(Hotuba ya Katibu Mwenezi mbele ya wenyeviti wa vijiji, watendaji na viongozi wa matawi)



Nimepewa kazi ya kusema juu ya mafunzo ya viongozi wetu wa vijiji katika kupanga matumizi ya ardhi. Najua neno hili halipigiwi vigelegele. Mtu akisema juu ya uchaguzi, uwanja hujaa. Akisema juu ya ramani, watu huanza kutazama jua. Walakini nawaomba mnisikilize, maana madai ya uhuru wa nchi hii yalipata nguvu kubwa katika neno la ardhi, na tusipoangalia uhuru huo waweza kupungua kwa neno hilo hilo, kipande baada ya kipande, kwa sahihi ya mtu wetu wenyewe.

Na tukumbuke. Mwaka 1951 Serikali ya Kiingereza iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Ngarenanyuki ili mahali pao wapewe walowezi. Mwaka 1952 Ndugu Kirilo Japhet alisafiri mpaka Umoja wa Mataifa, New York, kudai haki yao. Kule Ngarenanyuki mpango haukukosekana. Mpango ulikuwapo na ramani ilikuwapo, ila waliochora hawakuwa wenye ardhi. Dar es Salaam nako wakoloni waliugawa mji kuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na Mnazi Mmoja pakaachwa wazi ili Waafrika wa Kariakoo watengwe na wengine. Huo nao uliitwa mpango wa mji! Kwa hiyo tusidanganyike kwamba kila kinachoitwa mpango ni chema. Swali la kwanza ni hili daima: nani ameupanga, na kwa faida ya nani?

Wala tusiwalaumu wakoloni peke yao. Kati ya mwaka 1974 na 1976 mamilioni ya watu walihamishiwa vijijini. Nia ilikuwa kuwapelekea shule, maji na zahanati. Lakini mahali pengi watu waligawiwa mashamba yaliyokuwa na wenyewe kwa mila, wala hapana aliyeandika nani kapewa nini. Kesi zake zilidumu miaka mingi, hata mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa, ndugu zangu, sheria tulizo nazo zimeweka nguvu kubwa mikononi mwenu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inasema kwamba Halmashauri ya Kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji, lakini si kama mwenye mali. Inaisimamia kama mdhamini kwa niaba ya wanakijiji. Haiwezi kumgawia mtu ardhi kabla ya Mkutano Mkuu wa Kijiji kukubali. Sheria hiyo yataka ardhi ya kijiji igawanywe mafungu matatu: ya pamoja, ya watu na jamaa zao, na ya akiba. Na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, Namba 6 ya mwaka 2007, imekipa kijiji mamlaka ya kupanga: hapa makazi, hapa kilimo, hapa malisho, hapa msitu, hapa chanzo cha maji.

Nchi yetu ina vijiji zaidi ya 12,000. Katika kila kimoja mamlaka haya yako mikononi mwa watu wa Halmashauri, 15 mpaka 25. Nauliza: ni wangapi waliofundishwa? Mtu huchaguliwa leo, kesho akakabidhiwa muhuri, na keshokutwa mgeni aja na gari na karatasi iliyoandikwa kwa lugha asiyoielewa. Tumempa bunduki bila kumwonyesha mdomo wake uko wapi.

Nitatoa mfano mmoja. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa iwe ardhi ya kawaida, ili pengine apewe mwekezaji, sheria inasema kwamba ikiwa haizidi hekta 250, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio wenye neno la kukubali au kukataa. Ikizidi hapo, neno la mwisho ni la Waziri. Haya, hekta 250 ni kiasi gani? Hekta moja ni eka mbili na nusu hivi. Basi hekta 250 ni eka zaidi ya 600! Jamaa mia tatu wenye eka mbili mbili hawafikii hapo. Mwenyekiti asiyejua hesabu hii husikia “mia mbili na hamsini” akadhani ni kijipande cha bondeni. Atagonga muhuri akicheka, na wajukuu watalia.

Ndiyo maana nasema kwamba mafunzo haya si anasa. Mimi nimepita chuo cha ualimu, na kule tulifundishwa kwamba somo zuri huanza na kile mwanafunzi anachokijua. Sasa nitayataja masomo manne ambayo kila kiongozi wa kijiji yampasa kuyapata.

La kwanza ni ramani. Msianze na karatasi. Waiteni wazee, akina mama, vijana na wafugaji chini ya mti, mchore kijiji chenu ardhini: majivu yawe njia, mawe yawe nyumba, majani yawe msitu, magunzi ya mahindi yawe mashamba. Mtaona mabishano yatakayozuka! Mabishano hayo ndiyo somo lenyewe, maana mama ataonyesha mahali pa kuni ambapo mumewe hapajui, na mfugaji ataonyesha njia ya ng'ombe ambayo mkulima ameilima. Baada ya hapo ndipo mfungue karatasi. Katika ramani ya kipimo cha moja kwa 50,000, sentimita moja ni nusu kilomita. Mtu akishajua hilo, hapana mgeni atakayemdanganya kwa kidole.

La pili ni mipaka na maji. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu katika meta 60 za ukingo wa mto, ziwa au pwani. Meta 60 ni kama hatua 80 za mtu mzima. Nendeni mtoni, mzihesabu. Aliyezihesabu kwa miguu yake hazisahau.

La tatu ni haki. Sheria ya 1999 yatangaza kuwa batili kila mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki yake ya ardhi. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Si kwa kupamba mkutano. Na Baraza hilo kazi yake ni kusuluhisha, siyo kuhukumu, wala si kutoza faini za mfukoni. Kiongozi asiyejua mpaka wa kazi yake atavunja haki huku akidhani anailinda.

La nne ni kupatana na jirani. Mvua na mifugo havijui mpaka wa kijiji. Mwezi Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, Wilaya ya Kilosa, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua watu zaidi ya 30 kwa siku moja. Walakini sheria yaruhusu vijiji jirani kupanga pamoja. Huko Kiteto, katika miaka ya 2010, vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha malisho yao, vikaunganisha hata majina yao, yakawa OLENGAPA. Hawakungoja maiti ndipo wakae kikao.

Najua kuna wenzetu wanaosema, “Hii ni kazi ya wataalamu. Mwenyekiti ana nini na mambo ya ramani?” Nawajibu kwa heshima. Mtaalamu twamtaka sana. Tuna Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, tuna Chuo Kikuu Ardhi, na vyuo vya ardhi Tabora na Morogoro. Lakini mtaalamu hukaa kijijini siku chache, akaondoka. Mwenyekiti ndiye abakiye kumwambia shemeji yake asilime kwenye njia ya ng'ombe. Mpango aliouandika mgeni na usioeleweka na wenyeji hulala kabatini, na panya husoma vizuri zaidi kuliko sisi.

Wengine wanasema hapana fedha. Ni kweli, kupima kwataka fedha. Lakini kuchora kwa majivu chini ya mti hakutaki fedha, na kusoma sheria kwa sauti mbele ya mkutano hakutaki fedha. Mkutano Mkuu wa Kijiji hukutana kila miezi mitatu kwa sheria. Kila mkutano ukisomewa fungu moja tu, mwaka mmoja ni mafungu manne. Ndivyo kibaba kinavyojaa.

Basi naleta maombi matatu. Kwanza, kila tawi letu litafute walimu wawili, hata wastaafu, wawafundishe viongozi wa vijiji bila malipo, pasipo kuuliza huyu ni wa chama gani, maana ardhi haina kadi. Pili, madiwani wetu wasimame katika halmashauri za wilaya, wadai kwamba kundi la wataalamu lianze kwa kufundisha Kamati ya Matumizi ya Ardhi ya Kijiji, ndipo lichore. Tatu, na hili nawasihi ninyi wenyeviti mliokaa mbele yangu: msigonge muhuri juu ya ramani msiyoweza kuieleza kwa kinywa chenu mbele ya Mkutano Mkuu. Ukiulizwa, “Mwenyekiti, huu mstari mwekundu ni nini?” nawe huna jibu, weka muhuri mfukoni, urudi nyumbani. Atakayekuharakisha ana sababu yake.

Ndugu wananchi, baba zetu walikwenda mpaka New York kutafuta mtu wa kuwasikiliza juu ya ardhi yao. Sisi hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Kikao ni chetu, muhuri ni wetu, na sheria inatusikiliza. Kilichobaki ni kujifunza. Tawi litakaloanza darasa lake kabla ya msimu wa kulima na lilete habari kwenye gazeti hili, ili wengine walifuate.

Uhuru na Kazi!