Povu la kifafa haliambukizi

Leo nataka tuzungumze juu ya hofu ya ugonjwa. Hofu hiyo ina faida yake. Anayeogopa kipindupindu huchemsha maji ya kunywa na hunawa mikono. Lakini hofu isiyojua inaogopa nini huweza kuua, na wanaoumia zaidi kwa hofu ya namna hiyo ni wagonjwa wa kifafa.

Sote tumeona. Mtu anaanguka kituo cha daladala, viungo vinakakamaa, mwili unatikisika, povu linamtoka mdomoni. Mara watu wanatawanyika. Anayetaka kusaidia anaonywa: "Usimguse, povu likikurukia nawe utaupata!" Na akiangukia kwenye moto jikoni, wapo wanaongoja mpaka atulie ndipo wamwondoe.

Jambo hili si la jana. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Mahenge, mkoani Morogoro, daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alikuta wagonjwa wa kifafa waliotengwa kwa kuogopwa mate yao, wengine wakiwa na makovu makubwa ya moto. Aliwafungulia kliniki na kuwapa dawa.

Sasa tujiulize, ugonjwa wa kuambukiza ni upi? Ni ule unaoletwa na kijidudu kinachoweza kuhama: kwa hewa, kwa maji, kwa damu, kwa mbu au kwa kugusana. Kikiingia mwilini, kinga ya mwili huamka. Chembe nyeupe za damu hupambana nacho na kukiweka katika kumbukumbu, kama mlinzi wa usiku anayeishika sura ya mwizi. Ndiyo maana aliyeugua surua akapona, kwa kawaida haugui tena. Na chanjo ndiyo kazi yake: kumwonyesha mlinzi sura ya mwizi kabla mwizi hajabisha hodi.

Kifafa hakimo katika kundi hilo. Ni hitilafu ya ubongo. Chembe za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo sana, na umeme huo ukivurugika ghafla mtu huanguka. Lile povu ni mate tu yaliyochanganyika na hewa, kwa sababu wakati huo mgonjwa hawezi kuyameza. Hakuna kijidudu cha kifafa ndani yake. Ukiyagusa, nawa mikono kama unavyonawa siku zote, basi.

Hata hivyo, yako maradhi ya kuambukiza yanayoweza kuacha kifafa nyuma yake. Malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, na mabuu ya tegu wa nguruwe yakifika kwenye ubongo, vyote huweza kuacha jeraha humo. Kadhalika mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, au mtu aliyeumia kichwa ajalini. Jeraha hilo ni la mwenyewe, halihamii kwa jirani. Kwa hiyo chandarua, chanjo za watoto, choo safi na uzazi salama hupunguza kifafa. Kumkimbia mgonjwa hakupunguzi chochote.

La kushangaza ni kwamba tunamkimbia asiyeambukiza, kisha tunapanda basi, tunafunga madirisha yote na kukaa na mtu anayekohoa mwezi mzima bila kupimwa. Kifua kikuu ndicho kinachosafiri kwa hewa. Na huyo naye si wa kukimbiwa, bali wa kuhimizwa akapimwe, maana akishatumia dawa vizuri kwa majuma machache, kwa kawaida haambukizi tena.

Basi mwenye kifafa akianguka mbele yako, fanya hivi. Mwondoe karibu na moto, maji au barabara. Mwekee kitu laini chini ya kichwa, mlegezee nguo shingoni. Usimbane kwa nguvu. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Mtikisiko ukikoma, mlaze ubavu mate yatoke, ukae naye mpaka fahamu zirudi. Ukizidi dakika 5, au akianguka tena kabla hajazinduka, mpelekeni hospitali haraka.

Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 50 wana kifafa, na hadi 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Dawa moja inayotumika mpaka leo, fenobabito, ilianza kutumika kwa kifafa mwaka 1912. Ni ya bei nafuu, lakini mgonjwa asiiache bila kuambiwa na daktari.

Mtoto mwenye kifafa aende shule, ale sahani moja na ndugu zake. Anayeanguka ana dakika chache tu za kuhitaji mkono wa mtu. Tusimnyime.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaliwa, tukutane juma lijalo.