Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Hotuba ya Katibu wa Tawi kuhusu Kufungwa kwa Barabara

*Kwa wanachama wote. Mliokosa mkutano wa Jumapili, haya ndiyo niliyosema. Someni mpaka mwisho, kuna kazi ya kufanya.*

   

Kwanza tuelewane: hatupingi wageni. Mwaka 2013 alikuja Rais Xi Jinping mwezi Machi, na Julai akaja Rais Obama. Tarehe 27 na 28 Januari 2025 walikuja wakuu wa nchi za Afrika kuzungumzia umeme kwa watu milioni 300. Ni heshima kwa nchi. Lakini wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wa Vingunguti anaponaje akiwa amesimamishwa TAZARA saa tatu nzima?

Kwenye mkutano ule wa 2025, watumishi wa umma wa Dar es Salaam walielekezwa kufanyia kazi nyumbani. Ni jambo jema, magari yalipungua. Lakini mshahara wa mwezi haukatwi kwa sababu barabara imefungwa. Mama lishe hauzi wali kwa intaneti, na mchuuzi wa samaki wa Feri hana ofisi ya kuhamishia sebuleni.

Mnanijua, mimi ni mtu wa hesabu. Chukueni mfano wa dereva wa bajaji anayeingiza shilingi 40,000 kwa saa 12. Toa mafuta 12,000. Toa hesabu ya tajiri 20,000. Anabaki na 8,000 ya nyumbani. Sasa mzuie saa tatu. Mapato yanashuka hadi 30,000, mafuta 9,000, hesabu ya tajiri ni ileile 20,000. Anabaki na 1,000. Amepoteza robo ya siku, lakini chakula cha watoto karibu chote kimekwenda.

Gharama hiyo haipo kwenye bajeti ya ziara yoyote. Kwa kuwa haijaandikwa, wanaopanga misafara wanaiona kama haipo. Anailipa yule dereva.

Kuna jambo zito kuliko pesa. Wajawazito wetu wengi hawaendi hospitali kwa ambulansi. Wanakwenda kwa bajaji, tena usiku na alfajiri, na bajaji haina king'ora. Barabara ya Nyerere ikifungwa, magari yote yanamwagikia Mandela, Buguruni na Uhuru, na huko nako hakuendeki. Mgonjwa wa Muhimbili anakwama humohumo.

Ibara ya 17 ya Katiba inatupa uhuru wa kwenda tutakako. Katiba hiyohiyo inaruhusu sheria kuweka mipaka kwa ajili ya usalama. Kwa hiyo hatudai barabara isifungwe kabisa. Kamati yenu inapendekeza barua, ipitie Serikali ya Mtaa na kwa diwani hadi kwa Mkuu wa Wilaya, yenye maombi manne:

*1.* Tangazo litaje saa za kufunga na kufungua, si siku tu, na litoke angalau siku moja kabla.

*2.* Pale TAZARA tuna daraja la Mfugale tangu 2018. Msafara upite juu, Mandela iendelee chini.

*3.* Kila makutano yawe na askari mwenye mamlaka ya kumpitisha mgonjwa, hata akiwa kwenye bajaji.

*4.* Msafara ukishapita kipande, kipande hicho kifunguliwe palepale. Tusisubiri mgeni afike hotelini.

Kipimo hiki kituhusu na sisi. Chama kikimpokea kiongozi wa kitaifa kwa bodaboda na spika, upande mmoja wa barabara ubaki wazi. Hatuwezi kumwandikia Mkuu wa Wilaya asubuhi na kuziba njia jioni.

Vijana wa bodaboda, nawaomba sana: msiunge mkia wa msafara ili mpate njia. Yale magari hayasimami, na mnaacha familia. Wala msigombane na askari wa makutano. Naye yuko juani tangu alfajiri, na si yeye aliyepanga.

Kazi ni hii. Kila aliyezuiwa safari iliyopita anitumie, kabla ya Ijumaa jioni, mambo manne: tarehe, mahali, amezuiwa saa ngapi, amepoteza kiasi gani. Andika ukweli, usiongeze hata mia. Nitajumlisha na kuambatanisha na barua. Ofisini wamezoea malalamiko. Safari hii wapelekewe jedwali.



*Imetolewa na Katibu wa Tawi*